Kompyuta Iliyoachwa na Wenyewe

Sabiha binti Abdulwahab alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoifunga studio ya baba yake. Aliifunga siku ya Jumatano baada ya sala ya alasiri, akamkabidhi mwenye nyumba funguo, akashika njia ya nyumbani, Nianjema, bila kugeuka nyuma. Waliomwona walisema biashara imemshinda, maana siku hizi kila mtu ana simu na kila simu ina kamera. Aliwaacha waseme hivyo. Ilikuwa nafuu kuliko kuwaeleza.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele na ghala dogo kwa nyuma, mtaa wa nyuma ya soko, pale Dunda. Mzee Abdulwahab aliifungua mwaka sabini na sita, akiwa kijana aliyetoka Dar na kamera moja na pazia la buluu. Kwa miaka arobaini, ilikuwa shida kumpata mtu wa Bagamoyo aliyeoa, aliyemaliza darasa la saba au aliyemvisha mwanawe nguo za Idi bila kusimama mbele ya pazia lile. Wavuvi walikuja na saa za kuazima. Maharusi walikuja wamekaza midomo, kwa kuwa waliambiwa bibi harusi hacheki. Kila negativu, ule utepe mweusi ambao picha husafishwa kutokana nao, Mzee aliutia kwenye bahasha, akaandika namba kwa wino, akaupanga katika maboksi ya viatu. Majina hakuyaandika. Majina aliyaweka kichwani. Ukimtajia namba alikutajia mtu, na mama wa mtu, na kama siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha.

Sabiha alirudi nyumbani kutoka Tanga mwaka elfu mbili na kumi na tatu, na talaka yake, bila mtoto. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Alimkuta baba yake anapapasa ukuta. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho la kulia na imeanza la kushoto. Hapakuwa na mengi ya kujadili. Siku ya tatu tu akaingia studio akashika kamera.

Ni yeye aliyepata wazo la kuziingiza negativu kwenye kompyuta. Alinunua Dar skana ya mtumba, mashine nzito ya kijivu yenye kusoma negativu, na kompyuta iliyokuja pamoja nayo. Kazi ile iliwachukua miaka sita. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Sabiha aliweka utepe kwenye skana, picha ikajitokeza kwenye kioo, naye akamweleza baba yake anachokiona.

"Mwanamke mnene, amesimama, ameshika mwavuli uliofungwa."

"Namba?"

"Elfu sita mia tatu na nane."

"Huyo ni Mwanamvua wa Kaole. Mwavuli ulikuwa wangu, yeye alisema bila mwavuli hapigwi. Andika."

Naye akaandika: jina, mtaa, mwaka. Wakicheka, wakinyamaza kwa wale waliokufa vibaya, wakiendelea. Sabiha alikuwa amekua nyumbani mwa mtu huyu na kuolewa kutoka mikononi mwake, lakini ilikuwa ni katika asubuhi zile ndipo alipomjua. Walipomaliza, kompyuta ilikuwa na picha elfu kumi na tisa na ushei, kila moja na jina lake, na Mzee Abdulwahab alikuwa amebakiwa na mwanga wa dirisha tu.

Mwaka uliofuata alilazwa Dar wiki tatu kwa ajili ya mwanga huo. Hawakuweza kuuokoa.

Katika wiki hizo tatu Sabiha alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Negativu zilikuwa zinaoza. Joto la ghala na hewa ya chumvi vilizifanya zinatane, zijikunje, zitoe harufu kali ya siki iliyomkohoza kila aliyefungua mlango. Nyingine ukizishika zilibaki vidoleni. Akajiambia kwamba picha zenyewe sasa ziko mahali salama, na hizi ni maganda. Alizipeleka Nianjema kwa bajaji, akazichoma uani, boksi moja baada ya jingine, siku tatu, amejifunga mtandio puani. Baba yake aliporudi, kabla hajavua viatu, aliuliza:

"Maboksi yangu yapo?"

"Yapo, Baba."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Na kila alipoulizwa tena alijibu vilevile, mpaka jibu likawa halimchomi.

Kompyuta ile ilitunzwa na fundi wa Mapinga aitwaye Masoud, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye mkoba uliojaa nyaya. Mara moja kwa mwaka alikuja kuweka antivairasi mpya, ile programu ya kuilinda kompyuta isiingiwe na virusi. Mwaka elfu mbili na ishirini na tatu alikuja kama kawaida, lakini akakaa mbele ya kioo muda mrefu, anasoma, anakuna kidevu.

"Bi Sabiha, kompyuta hii imeachwa na wenyewe."

"Wenyewe nani? Mwenyewe si mimi?"

"Wewe umenunua chuma. Ile Windows iliyomo ndani ina watu wake, na kila likionekana tundu, wao ndio wanaoziba. Hii yako ni ya zamani. Waliacha kuiziba miaka mitatu iliyopita. Sikukutia hofu kwa sababu antivairasi ilikuwa bado inaikubali. Sasa na hawa wa antivairasi wanasema hawaihudumii tena. Itabaki humo, utaiona, lakini haitajifunza virusi vipya. Ni mlinzi aliyepewa sura za wezi wa mwaka juzi. Mwizi wa leo atampita na kumsalimia."

"Basi niwekee Windows mpya."

"Nikiiweka, hii skana haitafanya kazi. Haielewani nayo. Na ile printa kubwa vilevile."

Riziki ya Sabiha ilikuwa kwenye vyombo hivyo viwili. Picha za harusi zilikwisha kuhamia kwenye simu; kilichobaki kwake ni watu wenye picha kongwe, zilizochanika au kuliwa na mende, wanaotaka zifufuliwe na kukuzwa. Akatikisa kichwa.

"Basi tufanye hivi," Masoud akasema. "Usiiunganishe na intaneti hata dakika moja. Usichomeke flashi ya mtu. Na picha hizi zote uzinakili kwenye diski mbili za nje, moja ikae kwako, moja ikae kwa jamaa yako mbali na hapa, na zisichomekwe isipokuwa siku ya kunakili. Ukiyashika hayo utakaa nayo hata miaka kumi."

Aliyashika, kwa sehemu kubwa. Intaneti aliikata siku ileile. Flashi za wateja alizipokelea kwenye laptop ndogo, na picha akazivusha kwa flashi yake mwenyewe. Diski ya nje alinunua moja, akanakili picha zote. Ya pili akasema ataagiza. Na ile moja, kwa kuwa tundu la waya wake lilikuwa limelegea, ukiuchomoa unahangaika nusu saa kuurudisha, akaiacha hapohapo ubavuni mwa kompyuta. Kila asubuhi alipowasha mashine, kisanduku cha njano kilitokea pembeni mwa kioo, na maneno ya Kiingereza ya kumwambia kwamba kompyuta yake haina ulinzi. Sabiha alikifunga kama mtu anayefukuza inzi, akaendelea na kazi. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Mwishowe akawa anakifunga bila hata kukiona.

Ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa Shaabani, mwezi wa harusi, watu wakiwahi kabla ya Ramadhani. Najma akaingia studio mbiombio, jasho linamtoka. Najma na Sabiha walikaa mkeka mmoja madrasa, wakavunja ungo mwaka mmoja, na kesho yake Najma alikuwa anamwoza binti yake.

"Shoga yangu, nisitiri. Nataka picha kubwa ya bibi harusi, itundikwe ukumbini. Hii hapa kwenye flashi."

Laptop ndogo haikuwepo. Ilikuwa kwa Masoud, Mapinga, inabadilishwa kioo.

"Niachie mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa harusi imeshakwisha! Dakika tano tu, Sabiha. Gari lipo nje na vyombo vya watu."

Sabiha aliishika ile flashi. Aliigeuza mkononi. Alijua. Hili ndilo alilojirudia baadaye mara zisizo na hesabu, kwamba alijua, wala hakusahau. Lakini mbele yake alisimama mtu aliyemfuta machozi ya talaka, na kumwambia "siwezi kwa sababu ya kompyuta" kulisikika kama uchoyo. Akaichomeka. Akaiamuru antivairasi iikague, na ile antivairasi kongwe ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba hakuna kitu. Moyo ukatulia. Picha ikatoka, nzuri kweli, Najma akambusu mashavu yote mawili akakimbia.

Ijumaa Sabiha alishinda harusini. Kompyuta aliiacha inawaka, maana kuiwasha ilikuwa kazi.

Jumamosi asubuhi akaingia studio. Kisanduku cha njano hakikuwepo, na jambo hilo lilimshangaza kabla hajaona jingine lolote. Kisha akafungua mahali pa picha. Zile sura ndogondogo zilizokuwa zikijipanga kwenye kioo kama watu kwenye baraza hazikuwepo. Palikuwa na vikaratasi vyeupe. Akateremsha chini: vyeupe. Majina aliyoyaandika miaka sita, ya watu na mitaa na miaka, yamegeuzwa kuwa tarakimu na herufi zisizosomeka. Akabonyeza kimoja, kompyuta ikasema haikijui. Akafungua diski ya nje iliyokuwa ubavuni. Vyeupe vitupu. Juu ya yote palikuwa na barua fupi ya Kiingereza.

Aliketi. Nje mtu alikuwa anabishana bei ya pweza. Sabiha alisikia kila neno la ugomvi ule, mpaka bei waliyokubaliana.

Masoud alifika saa tano. Akaisoma barua amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Hazikufutwa," akasema. "Zimo humuhumu. Zimefungwa, na ufunguo wanao wao. Wanataka walipwe."

"Nikilipa?"

"Wanachotaka hata ukiuza nyumba hukifikii. Na wapo waliolipa wasipewe kitu." Akajifuta uso. "Ajali haina kinga, Bi Sabiha."

"Kinga ilikuwepo, Masoud. Uliniambia."

Masoud alichomoa diski zote mbili, ile ya ndani ya kompyuta na ile ya nje, akazifunga kwa kitambaa kama mtu anayebeba mayai, akazipeleka Dar kwa mtu anayemwamini. Siku tisa Sabiha alifungua studio na kukaa mlangoni, akisema mashine mbovu. Siku ya kumi Masoud akarudi na kitambaa chake.

"Amejaribu kila njia. Anasema uzihifadhi tu. Wakati mwingine watu hawa wanakamatwa, funguo zao zinatolewa bure. Yaweza kuwa mwaka, yaweza kuwa miaka kumi."

"Au isiwe."

"Au isiwe."

Mtu wa kwanza kuidai picha yake alikuwa Mwajabu. Huyu ni mama wa makamo anayeuza chapati na maharage Mbegani, karibu na geti la chuo. Mwaka elfu mbili na tatu alizikwa mwanawe wa kwanza, Adila, msichana wa miaka minne, homa ya siku mbili tu. Picha ya mtoto huyo ilikuwa moja duniani, iliyopigwa na Mzee Abdulwahab siku ya Idi. Nakala iliyokuwa nyumbani ililoa katika masika moja maji yalipoingia vyumbani, ikabaki karatasi yenye madoa. Mwajabu alikuja kuuliza, Sabiha akaitafuta kwenye kompyuta, akamwonyesha, na Mwajabu akaugusa mdomo wa mtoto kwenye kioo kwa kidole. "Ngoja nijipange, nikuze iwe kubwa," alisema. Hiyo ilikuwa mwaka mzima uliopita. Sasa alikuja amevaa baibui safi, mkoba kwapani.

"Nimejipanga, dada Sabiha. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Sabiha alimwambia mashine mbovu, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo akarudi. Safari hii Sabiha akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote tangu mwanzo, ila jina la mwenye flashi. Mwajabu alisikiliza akiitikia "eeh, eeh", kama mtu anayeelekezwa njia. Alipomaliza, Mwajabu akauliza kwa upole:

"Haipo hata ile isiyotoka vizuri? Hata kama ina giza, mimi nitaichukua hivyohivyo."

"Haipo, ndugu yangu."

"Na wewe uliiona."

"Niliiona. Amevaa gauni la manjano la marinda, kiatu kimoja kiko mguuni, kimoja amekishika mkononi."

"Kilikuwa kinambana," Mwajabu akasema, na macho yakajaa machozi. "Na uso? Niambie uso wake. Mimi miaka mingi, dada, unanitoka. Nikiufikiria unakuja wa mdogo wake."

Sabiha alifumba macho autafute. Gauni lilikuja, kiatu kikaja, pazia la buluu likaja. Uso haukuja. Alikuwa amepitisha nyuso elfu kumi na tisa mbele yake, na uso huu ulikuwa mmoja wao. Mwajabu alingoja. Kisha akachukua mkoba wake, akasema "haya, dada", akatoka.

Jioni ile Sabiha alimwambia baba yake. Mzee alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi.

"Baba, kompyuta imeingiwa na virusi. Picha zimepotea."

"Zipi?"

"Zote."

Tasbihi ikasimama. "Na majina tuliyoandika?"

"Na majina."

Mzee akanyoosha mkono hewani, akautafuta mpaka akapata kichwa cha binti yake, akautuliza juu yake.

"Usilie. Kompyuta ni chuma, chuma huharibika. Negativu si zimo ghalani? Tutaanza upya. Mimi macho sina, lakini kichwa ninacho. Utaniambia unachokiona, nitakwambia ni nani. Miaka sita mingine si mingi, Mungu akitupa."

Sabiha alitaka kusema. Mkono ule juu ya kichwa chake hakuwahi kuuhisi tangu utotoni, na aliogopa kuuondoa.

Siku mbili akanyamaza, na siku hizo mbili zilikuwa mbaya kuliko ile Jumamosi, kwa sababu Mzee alichangamka. Alikula. Alimwita jirani akamwagiza glavu za pamba, akieleza kwamba negativu haishikwi kwa mkono mtupu. Alikaa barazani akijitajia namba na majina kwa sauti, kama mwanafunzi anayerudia sura kabla ya kumsomea mwalimu, na palipo na jina lililomkwepa alilifukuzia mpaka akalishika, akacheka peke yake. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa kanzu kabla ya saa mbili, fimbo mkononi, mlangoni.

"Twende studio. Tuanze na maboksi ya mwanzo, yale ya sabini na sita."

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa siku mbili."

"Negativu nilizichoma."

Alisema haraka, amesimama, akiitazama ile kanzu iliyopigwa pasi. Mzee akauliza:

"Lini?"

"Ulipolazwa Dar. Zilikuwa zinaoza, Baba, zilikuwa zinanuka, nikaona picha ziko salama kwenye—"

"Miaka mitano."

"Miaka mitano."

"Nilikuwa nikikuuliza."

"Ulikuwa ukiniuliza."

Mzee Abdulwahab akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Sabiha alingoja amgombeze, amlaani hata, na alikuwa tayari kupokea chochote. Lakini yeye alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka safari ambayo hajaenda, "Nirudishe ndani." Alimrudisha. Alimsaidia kuvua kanzu. Zile glavu jirani alizileta mchana, Sabiha akazipokea na kushukuru.

Tangu hapo Mzee hakutaja picha tena. Hakumnunia binti yake. Ingekuwa afadhali kumnunia. Alimwitikia salamu, aliomba chai, aliuliza kama adhana imeshatolewa. Namba na majina viliisha kinywani mwake. Watu waliopita kumsalimia, waliozoea kumchokoza kwa kumtajia mwaka ili awape kisa, walimkuta anaitikia "alhamdulillah" na kunyamaza. Sabiha alimpikia alivyovipenda, akavirudisha jikoni nusu. Ndipo alipoifunga studio. Asingeweza kuendelea kukaa katika chumba ambacho watu waliingia wakitabasamu na kusema, "Ile ya marehemu mama bado unayo, eti?"

Sabiha hakumwambia Najma kwamba virusi viliingia kwa flashi yake. Binti wa Najma sasa ana mimba, na picha yake kubwa imetundikwa sebuleni kwa mumewe. Najma anapokuja kumjulia hali Mzee, hulaani virusi na wanaovitengeneza, anauliza, "Sasa vilipitia wapi, shoga?" na Sabiha hujibu kwamba mambo ya mitandao hayaelezeki. Urafiki wao upo, ila Sabiha hamtazami usoni tena.

Baada ya Idi kubwa Mwajabu alikuja Nianjema. Hakuja kwa Sabiha. Alivua viatu mlangoni, akaingia mpaka alipoketi Mzee, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwajabu, wa Mbegani. Mama Adila. Yule mtoto uliyempiga siku ya Idi, ameshika kiatu. Watu wote wanasema Mzee Abdulwahab hasahau. Mimi sitaki karatasi. Nataka uniambie tu alivyokuwa usoni. Maana ulimtazama vizuri siku ile, ulimbembeleza acheke, ulichukua muda."

Sabiha alikuwa amesimama na kikombe cha maji mkononi. Alimwona baba yake akiinua uso, macho yale meupe yakielekea dirishani, midomo ikisogea kidogo kama zamani alipokuwa akilifukuzia jina.

"Simkumbuki," Mzee akasema.

"Gauni la manjano, Mzee."

"Simkumbuki, mama. Nisamehe."

Mwajabu alibaki amepiga magoti kidogo, labda akitumaini kwamba uzee unahitaji kungojwa. Kisha akambusu mkono, akainuka. Sabiha alimsindikiza hadi barabarani. Kama baba yake amesahau kweli, au alikataa kukumbuka, Sabiha hajui mpaka leo, na hajathubutu kuuliza. Lolote kati ya hayo mawili, yeye ndiye sababu.

Siku hizi Sabiha anapiga picha za paspoti kwenye kibaraza cha steshenari moja karibu na kituo cha mabasi, kwa simu, mbele ya kitambaa cheupe kilichobanwa ukutani. Wateja wake ni wanafunzi, wenye kutafuta kazi na wanaoomba vitambulisho. Akishapiga, anaituma steshenari kwenye printa, picha zinatoka nne nne, anazikata kwa mkasi. Kisha anamwita mwenyewe asogee aone, na mbele ya macho yake anaifuta ile picha kwenye simu.

"Usifute, mama," wengine humwambia. "Nikipoteza hizi nitarudi kwako."

"Ukipoteza, utakuja nikupige upya," huwajibu. "Mimi siweki picha za watu."